Mabua Makavu ya Mahindi na Mdudu Alalaye Ndani Yake

Mtu asafiriye mwezi wa Januari kwa barabara itokayo Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa na kushuka hata Webuye na Bungoma, huona mambo mawili yasiyopatana. Katika shamba moja moshi wapanda juu. Mkulima amekusanya mabua yake yote ya mahindi akayatia moto, na sasa ardhi yake ni nyeusi kama chungu cha kupikia. Katika shamba la jirani yake mabua yangali yamesimama vile vile kama yalivyoachwa siku ya kuvuna, na ng'ombe watatu wanne wanazunguka humo wakinyofoa majani makavu. Ukimwuliza yule wa kwanza, atakuambia, "Nachoma ili niwaue wadudu." Ukimwuliza wa pili, atakuambia, "Nikichoma mimi, ng'ombe wangu watakula nini mpaka mvua inyeshe?"

Kila mmoja wao amesema kweli, lakini kila mmoja amesema nusu yake. Wa kwanza amemwua adui pamoja na chakula cha ng'ombe na mbolea ya shamba. Wa pili ameokoa chakula, lakini amemtunzia adui nyumba mpaka msimu ujao. Ili tuone njia ipitayo kati ya hawa wawili, yatupasa kwanza kumjua huyo mdudu mwenyewe na maisha yake, kwa kuwa asiyejua saa ya kulala ya mwizi hawezi kumkamata akiwa kitandani.

Mdudu huyu ni bungua wa mahindi, ambaye wengi humwita funza wa mabua. Jina lake katika vitabu vya wataalamu ni Busseola fusca. Hakuletwa na mtu. Ni mwenyeji wa Afrika, naye alikuwa akila mtama wa mababu zetu kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka Amerika. Hupenda nchi za juu zenye baridi kiasi, na kwa hiyo Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon ni makao yanayomfaa sana. Kule pwani na katika nchi za joto yuko ndugu yake, Chilo partellus, aliyetoka Asia, akaonekana Malawi katika miaka ya 1930 na kuenea baadaye. Lakini kwetu huku juu, mwenye mji ni Busseola.

Mama yake ni nondo, yaani kipepeo wa usiku, mwenye rangi ya udongo, asiyependeza wala kutisha. Mchana hujificha. Usiku huruka akatafuta mihindi michanga, na hasa ile yenye majuma matatu hadi matano tangu kuota. Hutaga mayai yake chini ya ala ya jani, pale jani linapolikumbatia bua, kwa safu zilizopangwa vizuri, 30 hadi 150 kwa mara moja. Mkulima apitaye na jembe lake haoni kitu. Baada ya juma moja hivi mayai huanguliwa, na vifunza vidogo hupanda mpaka katikati ya mhindi, ndani ya majani machanga yaliyojikunja, wakaanza kula. Jani hilo likifunguka, utaona vitundu vilivyojipanga kwa mstari, kana kwamba mtu amelichoma kwa sindano. Hiyo ndiyo barua yake ya kwanza kwako, na wakati huo bado yuko nje, dawa au mkono waweza kumfikia.

Akikua kidogo hushuka na kutoboa bua, akaingia ndani. Akila kiini cha mhindi mchanga, jani la kati hukauka, nawe ukilivuta latoka mkononi pasipo nguvu. Mhindi ukiwa mkubwa haufi, lakini njia za maji na chakula zimekatwa, gunzi huwa dogo, na upepo ukivuma mhindi huanguka. Akiisha kula kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, hutoboa tundu la kutokea, kisha hujifunga ndani ya gamba lake kama mtu aliyejifunika gubigubi. Baada ya siku 9 hadi 14 hutoka akiwa nondo, naye aanza tena kutaga.

Uchunguzi uliofanywa mashambani katika Kenya yote na kutangazwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba bungua wa aina zote hutuchukulia karibu sehemu 13 katika kila 100 za mahindi. Maana yake ni gunia moja katika kila manane. Hakuna mpangaji wa shamba awezaye kudai kodi kubwa namna hiyo bila watu kupiga kelele; lakini kwa kuwa huyu hulipwa ndani ya bua, kimya kimya, wengi hawajapata kufanya hesabu yake.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Kizazi cha mwisho cha bungua, kile kinachokua wakati mahindi yanapokomaa, hakigeuki kuwa nondo. Funza huyo hushuka mpaka sehemu ya chini ya bua, karibu na udongo, na mara nyingine chini ya usawa wa udongo, kisha hutulia. Hali tena, hakui, wala hafi. Katika kuzitia habari hizi katika lugha yetu nilitafuta neno lifaalo kwa hali hiyo, nikaona neno "kulala" latosha, mradi msomaji akumbuke kwamba usingizi huu huweza kudumu miezi sita au zaidi. Anachongoja ni maji. Mvua za Machi au Aprili zikinyesha na bua likalowa, huamka, hujifunga katika gamba, na baada ya majuma machache nondo wako hewani.

Na wewe mkulima wafanya nini katika majuma hayo hayo? Umepanda kwa mvua ile ile. Mihindi yako imefika magotini. Saa yake na saa yako zimetiwa ufunguo na mvua moja, naye akitoka bua la mwaka jana hukuta meza imekwisha andikwa. Mahindi marefu ya nchi za juu humsaidia zaidi, kwa sababu hukaa shambani muda mrefu. Mbegu ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, na nyingi za jamaa zake zilizofuata, huhitaji miezi sita hadi minane, na muda huo watosha kwa bungua kuzaa na kujukuu. Mimi si mtu wa kuzilaumu mbegu hizo, maana ndizo zilizoyajaza maghala ya Trans Nzoia. Nasema tu kwamba mwenye mgeni wa muda mrefu hupika chungu kikubwa, na wadudu nao hula humo.

Basi kiangazi, kuanzia mavuno mpaka mvua, ndicho kipindi ambacho adui wetu wote wamekusanyika mahali pamoja, wasiweze kuruka wala kukimbia. Mambo ya namna hii si ya mahindi peke yake. Huko Marekani wako watu wapandao ua liitwalo irisi, nao wana nondo wao ambaye mayai yake hupitisha majira ya baridi juu ya majani makavu ya mwaka uliopita. Nao huyaondoa majani hayo, na wengine huyachoma, kabla joto halijarudi na mayai kuanguliwa. Hila ni ile ile: mpige mdudu akiwa amelala katika takataka, usingoje mpaka aamke aingie katika mmea.

Lakini je, moto ndio njia bora kwa mahindi? Hapo ndipo wengi hukosea. Moto upitao mbio katika mabua yaliyosimama hula majani makavu, huacha bua limeungua kwa nje, na shina chini ya udongo halikuguswa. Funza aliye mle shinani husikia joto kidogo, akaendelea na usingizi wake. Mkulima huona majivu, akafurahi, kumbe amechoma chakula cha ng'ombe akamwacha mwizi salama. Anayetaka kuchoma kweli lazima akate mabua, ang'oe na mashina, ayakusanye yote pamoja na kuyachoma mpaka yaishe. Na hapo ndipo hasara yake inapokamilika, kwa maana ile naitrojeni iliyokuwa katika mabua hupanda na moshi, na jivu lililobaki hupeperushwa na upepo wa Februari kwa mwenye shamba la pili. Mashamba mengi ya Bungoma yamelimwa mahindi mwaka baada ya mwaka, na udongo wake umechoka. Kuuchomea chakula chake kila Januari ni kama kumnyang'anya mgonjwa uji.

Wataalamu wa nchi nyingine za Afrika wamejaribu njia zisizo na hasara kubwa namna hiyo. Huko kaskazini mwa Nigeria wakulima hutumia mabua ya mtama kwa kujengea nyua na mapaa, hawataki kuyapoteza. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba mabua yakipitishwa katika moto mwepesi mara baada ya mavuno, wakati majani yamekauka lakini bua bado lina ubichi, majani huungua, bua hupata joto la kuwaua funza karibu 95 katika kila 100, nalo lenyewe hubaki zima kwa kujengea. Huko Ethiopia walifanya jambo jepesi zaidi. Waliyalaza mabua chini, yametandazwa juani, kwa muda wa majuma manne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1988 yalikuwa kwamba funza karibu wote waliokuwa ndani ya mabua ya mahindi walikufa kwa joto na ukavu. Hakuna kiberiti kilichotumika.

Habari hii ya Ethiopia yatuhusu sana sisi, kwa sababu desturi ya Trans Nzoia ni kinyume chake kabisa. Huku, mahindi hukatwa yakasimamishwa wima kwa matita makubwa, yamekutana vichwa kama vibanda vya wachungaji, ili magunzi yakauke. Kwa magunzi ni desturi nzuri. Lakini tita likiachwa limesimama hivyo baada ya magunzi kuondolewa, ndani yake mna kivuli na ubaridi, na bungua hapati makao mazuri kuliko hayo. Nilipata kumsikia mzee mmoja akijadiliana na kijana wa kilimo juu ya jambo hili, karibu na tita lake mwenyewe.

"Mzee, magunzi yamekwisha toka. Ungeyalaza mabua haya yakapigwa na jua."

"Yakilala chini yataoza, mwanangu, na ng'ombe hali kitu kilichooza."

"Yangeoza yakipata mvua, Mzee. Sasa ni Desemba. Yalaze mwezi mmoja, uyageuze mara moja au mbili, kisha uyaweke chini ya paa. Ng'ombe atayala vile vile."

Mzee hakujibu. Alichukua kisu, akapasua bua moja tangu shinani, akatoa funza mnene mwenye rangi nyeupe iliyochanganyika na uwekundu kidogo na vidoa vyeusi mwilini. Akapasua la pili, akakuta mwingine. La tatu halikuwa na kitu. Ndipo akasema, "Huyu nimekuwa nikimlisha miaka mingi, wala sikujua kwamba analala kwangu." Siku iliyofuata matita yalikuwa chini.

Kwa mwenye ng'ombe wachache, njia nyingine ni kuyakatakata mabua vipande vidogo vidogo kwa panga au kwa mashine ya kukatia majani. Bua la urefu wa nusu kidole si nyumba tena. Ng'ombe naye hula mpaka shina, badala ya kuchagua majani na kuacha mabua magumu yenye funza yatawanyike uani. Kilichobaki hutiwa katika shimo la mbolea pamoja na samadi. Joto la shimo lililopangwa vizuri na kufunikwa humaliza kazi.

Lakini tusisahau mashina yaliyobaki ardhini. Huko Afrika ya Kusini mtaalamu mmoja aliona kwamba kufyeka mabua peke yake kuliangamiza bungua kama 70 katika 100, na kulima baada ya hapo kukaangamiza wengine 19 katika mahindi. Hao 19 ndio waliokuwa wamelala chini. Kwa hiyo yafaa shamba lipinduliwe mapema, kwa plau ya ng'ombe au kwa trekta, mashina yafunikwe na udongo kiasi cha inchi nne hadi sita, ili nondo akitoka asipate njia ya kupanda juu. Asiye na plau na ayang'oe kwa jembe. Ni kazi ya kuchosha mgongo, sikatai.

Wakulima wa Bungoma wana shida yao wenyewe. Katika sehemu za chini za kaunti hiyo watu hupanda mahindi mara mbili kwa mwaka, na ya pili hupandwa Agosti au Septemba, hata kabla mabua ya kwanza hayajaondolewa. Hapo bungua hana haja ya kulala. Hutoka bua la kale usiku, akavuka mtaro mmoja, akataga kwenye mhindi mpya. Kwa mkulima wa huko, ushauri wa kungoja kiangazi haumfai. Mabua ya msimu wa kwanza lazima yakatwe na kulishwa ng'ombe au kutiwa shimoni katika majuma yale yale ya kuvuna, au sivyo apande maharagwe, viazi vitamu au njugu mahali pa mahindi ya pili.

Kabla ya kuuacha moto, kuna jambo moja la Kitale ambalo wakulima wachache wanalijua. Yuko nyigu mdogo sana, Cotesia sesamiae, asiyeweza kumwuma mtu. Hudunga mayai yake ndani ya mwili wa funza wa mabua. Watoto wake humla funza kwa ndani, kisha hutoka na kujifumia vifuko vyeupe vilivyoshikamana kama kipande cha pamba. Ajabu yake ni hii. Nyigu wa aina hiyo hiyo aliyetolewa pwani akiwekewa bungua wetu wa nchi za juu hashindi, kwa maana mwili wa bungua huyazingira mayai yake na kuyaua. Lakini yule wa Kitale huyashinda maungo ya bungua na kuzaa ndani yake. Wataalamu wa wadudu wamemchunguza nyigu wa Kitale kwa sababu hiyo. Moto haumchagui rafiki wala adui. Ukipasua bua ukaona vifuko vya pamba namna hiyo, viache kivulini kando ya shamba.

Tena, lazima niseme juu ya mdudu mwingine, kwa sababu watu humchanganya na bungua. Tangu mwaka 2017 viwavijeshi waliotoka Amerika wameingia Kenya, na kaunti zetu hizi za magharibi zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwaona. Kiwavi huyu hujulikana kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na vidoa vinne vikubwa vilivyokaa mraba karibu na mkia. Yeye halali ndani ya bua. Akishiba huanguka chini, akajizika katika udongo na kugeuka humo, na nondo wake husafiri mbali sana kwa upepo. Mkulima anayechoma mabua kwa ajili ya kiwavi huyu anapoteza mabua yake bure. Dawa yake ni kukagua mihindi michanga mara mbili kwa juma, kuponda mayai na vifunza kwa mkono, na kumwona afisa wa kilimo mapema.

Kuna njia moja iwapingayo wote wawili, nayo ilianza kujaribiwa katika mashamba ya wakulima mwaka 1997, Trans Nzoia ikiwa mojawapo ya mahali pa kwanza. Huitwa sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa majani yaitwayo desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa nepia, ambayo huwavuta wakatage humo, na funza wengi wakiingia katika nepia hufa. Wataalamu wa icipe waliitengeneza wakishirikiana na wenzao wa Kenya na Uingereza. Mwenye ng'ombe hupata majani mawili ya kulisha, na swali la yule mkulima wa pili, "ng'ombe wangu watakula nini?", hupata jibu bila kulitegemea bua peke yake. Gharama yake ni mbegu ya desmodiamu na palizi ya uangalifu katika mwaka wa kwanza.

Ikiwa baada ya haya yote mtu bado ana mabua yasiyo na kazi, na ameazimia kuyachoma, basi ayachome katika rundo moja penye ardhi tupu, asubuhi kabla upepo haujaamka, akiwa na watu wa kutosha na maji karibu. Januari na Februari nyasi za Elgon ni kama baruti. Na awaarifu majirani, si kwa ajili ya hatari tu. Nondo hajui mpaka wa shamba. Mmoja akisafisha na watano wakaacha mabua yamesimama, wa sita ataliwa mahindi yake pamoja nao. Kwa hiyo jambo hili lastahili kuzungumzwa katika baraza, watu wapatane juma moja la kulaza mabua kijiji kizima.

Mwanzoni mwa Februari kila mkulima na apite shambani na kisu, achukue mabua kumi kutoka pembe mbalimbali, pamoja na mashina yake, ayapasue tangu chini na kuhesabu funza walio hai. Akikuta wawili watatu, bado ana majuma manne ya jua kabla ya mvua za Machi.